Mpiga Picha wa Mwinuko wa Mweka

Wengi wanaokuja Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon hujazana uwanja wa Ushirika, mbio zinakoishia. Mimi hupenda kusimama kwenye mwinuko wa kuelekea Mweka, kwenye migomba, nimtazame mzee mmoja mpiga picha akifanya kazi yake. Hamkimbilii mtu. Keshachagua kona, keshapiga goti mahali ambapo jua la asubuhi litampata mkimbiaji usoni, na anangoja.

Mkimbiaji akichomoza, mzee humfuata kwa kamera tangu angali mbali. Kinachogeuka ni kiuno. Viwiko vimebana mbavu, mikono imetulia. Hubonyeza pale mwendo wa mkimbiaji na wa kamera unapokuwa mmoja, kisha huendelea kugeuka hata picha ikishapigwa. Shata yake ni ya polepole, sehemu moja ya 30 ya sekunde. Uso hutoka wazi, jasho likionekana kwenye nyusi, ilhali miguu imekuwa upepo na migomba imevutika ikawa michirizi ya kijani. Ukiitazama picha hiyo, unamsikia mtu akihema. Mpige mkimbiaji huyohuyo kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, ataganda kama sanamu: kila kitu utakiona, isipokuwa mbio.

Halafu kuna suala la mguu. Katika kila hatua ya mkimbiaji ipo nukta ambapo nyayo zote mbili zimeiacha ardhi. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa safu ili aionyeshe nukta hiyo kwa farasi. Mzee huipata kwa kamera moja, maana mdundo wa mkimbiaji umeshamwingia mwilini kabla mwenyewe hajafika. Alijifunzia kwenye filamu ya picha 36. Kila picha ilikuwa fedha, ya kununulia na ya kusafishia, kwa hiyo jicho lilifundishwa kuchagua kabla ya kidole.

Leo kamera hupiga picha 20 kwa sekunde, na kijana hukandamiza kitufe mpaka mkimbiaji apite, akitumaini kwamba moja itafaa. Moja hufaa kweli. Lakini yeye hakumtazama yule mtu. Amekwenda kumwona baadaye, kwenye kompyuta. Mashine siilaumu. Kinachoniuma ni haraka iliyokuja nayo, kwani washindi wakishavuka mstari, kamera hukunjwa na mabegi hufungwa, na maelfu walio nyuma huachiwa simu zao wajipige wenyewe. Mzee hana mwanafunzi hata mmoja.

Tungekuwa tumesahau nini kama wote wangekuwa na haraka hiyo? Mtanzania John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki, aliingia uwanjani Mexico City jioni ya Oktoba 20, 1968, mguu umefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde. Watazamaji wengi walikwisha kuondoka. Alichechemea, akakimbia, akachechemea tena, akamaliza wa 57, nyuma ya wote. Tunaujua mwendo ule, na wajukuu wetu wanaweza kuuona, kwa sababu wapo waliokuwa bado na kamera zao pale. Wangeondoka, Akhwari angebaki jina la chini kabisa katika orodha ya matokeo, na Tanzania ingepungukiwa na moja ya picha zake zenye heshima kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa mbio zetu, kuanzia Moshi hadi Dar es Salaam: mnapowapa wapiga picha vitambulisho, wawekeeni sharti kwamba asiondoke mtu barabarani kabla mkimbiaji wa mwisho hajapita. Naye angojwe, afuatwe kwa kamera na apigwe kwa uangalifu uleule aliopigiwa mshindi.