Uchungu wa Mama na Kitabu cha Lewis

Mwaka 1960 C. S. Lewis, aliyekuwa mwalimu katika Cambridge, alitoa kitabu juu ya aina nne za upendo. Sisi twataka kuitazama aina moja tu, ambayo Wayunani waliiita storge, yaani mapenzi ya jamaa, na hasa mapenzi ya mama kwa mwanawe. Kwa maana hapo ndipo asemapo neno zito, na hapo ndipo, kwa maoni yetu, Kiswahili kingaliweza kumsaidia.

Atuonyesha mama wa kubuniwa, Bibi Fidget. Huwafulia nguo watu wa nyumba yake, tena vibaya, ingawa wana fedha ya kumlipa dobi. Hukesha akimngoja arudiye usiku, hata aliyechelewa aone haya. Na jirani humsifu kwamba aishi kwa ajili ya jamaa yake. Afapo, nyumba nzima yapata kupumua. Msomaji hucheka, kisha huacha kucheka, maana amemkumbuka mtu. Sisi walimu tumewaona: kijana amepata nafasi ya kusoma mbali, na mama yake huugua kila sanduku lifungwapo. Lewis anena kweli kwamba upendo utoao nao una haja yake, haja ya kuhitajiwa, na ya kuwa kazi ya mama ni kumlea mtoto hata asimhitaji tena. Kwa sura hiyo peke yake kitabu chastahili kununuliwa.

Lakini aielezapo asili ya upendo huo, aanza na mama anyonyeshaye, na paka na watoto wake kikapuni: joto, maziwa, mazoea. Kuzaa akutaja kwa maneno machache, na maumivu yake ayahesabu kuwa haja tu, akapita.

Mswahili hasemi joto, asema uchungu. Neno hilo ni la dawa, ni la mwanamke ajifunguaye, na ni la bibi kizee ambaye mwanawe amekwisha ota mvi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tena neno rehema, tulilolipokea kwa Waarabu, shina lake ni moja na neno lao la tumbo la uzazi. Na ndivyo ilivyo katika Kiebrania cha manabii. Isaya, katika sura ya 49, akitaka kuwaonyesha watu wa Sayuni kwamba Mungu hawasahau, hakutafuta mfano mwingine ila mwanamke mwenye mtoto kifuani. Ndipo akakiri kwamba hata huyo aweza kusahau. Lewis ameshika sana nusu hii ya pili.

Hatusemi mama hana haja ya neema. Twasema hivi: upendo ukiwa ni joto, kumwacha mtoto aende ni kuushinda upendo huo kwa upendo mwingine utokao nje, ukiwa ni uchungu, kumwacha aende ni kuzaa mara ya pili, na mama ameifahamu kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Mama mmoja tuliyemjua alimfungia mwanawe sanduku kwa mikono yake, akalibeba kichwani hata kituo cha gari, akarudi shambani kabla gari halijaondoka. Jioni ile alipika chakula cha watu wawili.