Kikombe Kikipoa

Mwonjaji kahawa hana haraka. Huyu niliyemtazama Moshi, mama wa makamo, aliizunguka meza bila kutamka neno. Kila sampuli ilikuwa na vikombe vitano. Alinusa kwanza unga mkavu. Maji ya nyuzi 93 yakamiminwa, kahawa ikaumuka na kutanda utando mzito juu, naye akatazama saa.

Dakika ya nne ndiyo niliyoipenda. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kikombe, akausukuma ule utando kwa kijiko, taratibu, mara tatu, na mvuke uliofungiwa chini ukamjaa usoni. Harufu ile haiji mara mbili. Akaandika, akasuuza kijiko, akasogelea kikombe cha pili.

Kwa nini vitano vya kahawa ile ile? Punje moja mbovu huharibu kikombe kimoja tu, na kuna mtu atakayekuja kukinywa. Rwanda na Burundi wanaijua adha hii: punje yenye harufu ya kiazi kibichi, dosari inayohusishwa na kunguni wa kahawa. Kwa macho huwezi kuitambua. Hujifichua yenyewe ikisagwa. Ndiyo maana kahawa ya kila kikombe hupimwa na kusagwa peke yake.

Kuonja kwenyewe kuna kelele. Huivuta kahawa kwa nguvu, ikatawanyika kama manyunyu ulimini na kaakaani, kisha huitema. Ladha husomwa kahawa ikifika kama nyuzi 70. Uchachu, ule mchangamfu wa kahawa za Kilimanjaro, hupimwa ikiendelea kupoa, pamoja na uzito wake mdomoni. Utamu na usafi hungoja hadi kikombe kiwe na joto la mwili, kwa kuwa kahawa yenye kasoro hujificha ndani ya joto. Hapo namvulia kofia: mimi ningeshahukumu zamani.

Katika fomu ya alama 100 iliyozoeleka kwa miaka mingi, 80 ndiyo mlango wa kahawa bora ya kipekee, na alama huenda kwa robo robo. Robo ni kitu kidogo, lakini nyuma yake kuna familia iliyochuma tunda moja moja, jekundu tu.

Vikombe vilipopoa alirudi kwenye sampuli ya kwanza. Akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Akafuta 7.5 ya uchachu, akaandika 7.75.