Mganga, Wino na Jinamizi: Kejeli katika Sanaa ya Alootook Ipellie

Fasihi ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Kanada, aghalabu husomwa kama ushahidi. Msomaji wa nje huiendea akitaka kujua jinsi sili anavyowindwa, jinsi nyumba ya theluji inavyojengwa, au jinsi watu walivyoishi kabla ya kuja kwa wamishenari. Ni nadra aulize mtunzi amefanya nini na usimulizi wenyewe. Makala haya yanadai kuwa mkusanyiko wa hadithi fupi wa Alootook Ipellie, Arctic Dreams and Nightmares (1993), unaupinga usomaji wa namna hiyo, na kwamba silaha yake kuu ni kejeli.

Ipellie alizaliwa mwaka 1951 katika kambi ya wawindaji kwenye Kisiwa cha Baffin. Babake alifariki katika ajali ya uwindaji kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Akiwa bado mdogo alipelekwa kutibiwa kifua kikuu mjini Hamilton, kusini mwa nchi, mbali na jamaa na lugha yake. Wainuit wengi walipitia safari kama hiyo katika miaka ya 1950. Alikulia Frobisher Bay, mji ambao sasa huitwa Iqaluit, kisha akaishi Ottawa hadi alipofariki mwaka 2007. Alikuwa mfasiri, mwandishi na hatimaye mhariri wa jarida la Inuit Monthly, lililokuja kuitwa Inuit Today, na humo alichora katuni ya Ice Box. Katika miaka ya 1990 alilichorea gazeti la Nunatsiaq News katuni ya Nuna & Vut. Jina hilo tayari ni kejeli: neno Nunavut, yaani 'nchi yetu', limekatwa vipande viwili na kugeuzwa majina ya wahusika, katika muongo uleule ambao eneo la Nunavut lilikuwa likiandaliwa, hadi likaanzishwa rasmi mwaka 1999.

Ili kuuelewa uamuzi wa Ipellie, hatuna budi kukumbuka mazingira ya sanaa aliyoyakuta. Tangu safari ya James Houston ya mwaka 1948, vinyago vya mawe vya Wainuit, na baadaye picha za chapa za Cape Dorset, vilipata soko kubwa kusini. Soko hilo lilileta riziki. Lilileta pia matarajio kuhusu kitu gani ni cha 'Kiinuit halisi'. Hali katika maandishi haikuwa tofauti sana. Kitabu mashuhuri cha msanii Pitseolak Ashoona, Pictures Out of My Life (1971), kilitokana na mahojiano aliyoyarekodi Dorothy Eber. Ni kitabu cha thamani kubwa, lakini sauti ya msimulizi inatufikia kwa kupitia maswali ya mgeni. Ipellie aliziacha njia zote mbili. Badala ya jiwe alichagua kalamu na wino mweusi, zana za mchoraji wa magazetini. Badala ya tawasifu alichagua ubunifu.

Kitabu kina hadithi ishirini, kila moja na mchoro wake. Msimulizi ni mganga, angakkuq kwa Kiinuktitut, aliyekufa miaka elfu moja iliyopita, na ambaye roho yake inayakumbuka maisha yake ya awali. Mbinu hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi nzima. Msimulizi mfu hafungwi na mpaka baina ya 'zamani safi' na 'sasa iliyochafuka', mpaka ambao msomaji wa nje anaupenda mno. Anaijua miiko ya mababu, anaijua Biblia, na anawajua nyota wa sinema. Katika hadithi ya kwanza anaikabili sura ya Shetani, kisha anatambua kuwa ni sura yake mwenyewe. Wamishenari walimwita mganga mtumishi wa Ibilisi; Ipellie haikanushi tuhuma hiyo kwa hotuba, bali anaivaa kama kinyago ili tuone ilivyotengenezwa. Vivyo hivyo katika 'I, Crucified', ambamo mganga ametundikwa msalabani: alama kuu ya dini ya wageni inageuka kuwa taswira ya mateso ya mwenyeji.

Kejeli hiyo haiusazi utamaduni wake pia. Katika visasili, Sedna, mama wa wanyama wa baharini, huwazuia wanyama wake miiko inapovunjwa, na mganga huzamia hadi chini ya bahari kumchana nywele, kwa kuwa yeye hana vidole. Ipellie anaigeuza safari hiyo takatifu kuwa mkutano wa kilele, kama ule wa marais, na chanzo cha mgogoro kinakuwa ashiki isiyotimizwa. Hapa kicheko kina njaa ndani yake. Kichwa cha hadithi nyingine, 'After Brigitte Bardot', kinamtaja mwigizaji wa Kifaransa aliyefika kwenye barafu ya Kanada mwaka 1977 kupinga uuaji wa sili wachanga. Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipopiga marufuku ngozi za sili hao mwaka 1983, Wainuit hawakulengwa, lakini soko la ngozi zao liliporomoka. Wanyama huzuiliwa na mungu wa baharini. Bei huzuiliwa na Ulaya. Kwa mwindaji, matokeo ni yaleyale.

Kazi hii haikosi dosari. Usawiri wa Sedna unampunguzia ukuu: hasira ya mwanamke aliyekatwa vidole na babake inapewa tiba ya kimapenzi mikononi mwa mwanamume, na kejeli inayowaumbua wamishenari haiugusi ubabe huo. Lipo pia suala la lugha. Ipellie, aliyekuwa mfasiri, aliandika hadithi hizi kwa Kiingereza, na swali linalotokana na hilo ni swali kongwe katika mijadala yetu ya fasihi ya Kiafrika. Hata hivyo, maadamu dhana anayoibomoa ilijengwa kwa Kiingereza, yamkini alitaka kuibomolea nyumbani kwake.

Mwaka 2005 shajara ya Abraham Ulrikab ilichapishwa kwa Kiingereza ikiwa na dibaji ya Ipellie. Abraham alikuwa mmoja wa Wainuit wanane wa Labrador waliopelekwa Ulaya mwaka 1880 kuonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Kufikia Januari 1881 wote walikuwa wamekufa kwa ndui. Alipokuwa akitazamwa, Abraham alikuwa akiandika kwa lugha yake kuhusu wale waliomtazama. Hiyo ndiyo nasaba ya kifasihi ya Ipellie. Mhakiki anayemwendea kutafuta maonyesho ya Wainuit hana budi kujiuliza amesimama upande gani wa ua.