Sungura Aliyenyang'anywa Ulimi: Uhakiki wa Mchezo wa MultiVersus

Wako wanaodhani kwamba michezo ya video ni upuuzi wa watoto usiostahili kalamu ya mhakiki. Dhana hiyo haifai kuendelezwa shuleni. Mchezo wa namna hii una wahusika, una mandhari, una mgogoro, na ndani yake mna mtazamo fulani wa maisha. Kwa hiyo waweza kupimwa kwa fani na maudhui kama ipimwavyo tamthilia au ngano. Makala haya yanauchunguza mchezo mmoja wa Kimarekani uitwao MultiVersus, uliotengenezwa na kundi la Player First Games na kutolewa na kampuni ya Warner Bros. kwa majaribio ya wazi mwezi Julai 1922 + 100, yaani 2022. Nimeuchagua kwa sababu wengi wa wahusika wake wanajulikana na vijana wetu kutokana na katuni za televisheni, na pia kwa sababu maisha yake yamekwisha, hivyo twaweza kuyatazama yote, tangu kuzaliwa hata kuzikwa.

Yafaa kwanza tueleze jinsi unavyochezwa. Wachezaji wanne, aghalabu wawili dhidi ya wawili, hukutana juu ya jukwaa linaloelea hewani, kila mmoja akimwongoza mhusika wake. Hapana damu, wala hapana maiti. Mhusika akipigwa, hesabu ya madhara yake hupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo kila pigo linavyomrusha mbali zaidi, mpaka atupwe nje ya jukwaa. Baada ya hapo hurudi akaendelea. Kanuni hiyo si ya Warner Bros. Ilikwisha kupata umaarufu tangu mwaka 1999 kwa mchezo wa Kijapani, Super Smash Bros., ulioongozwa na Masahiro Sakurai. Ni kanuni ya busara, kwani kwayo mtoto aweza kumshinda mjomba wake mbele ya familia nzima pasipo mtu kuona jambo la kutisha. (Ingawa sielewi Arya Stark, msichana wa kulipiza kisasi kutoka katika tamthilia ya watu wazima, alitafuta nini miongoni mwa wahusika wa watoto. Nadhani jibu ni kwamba yeye naye alikuwa mali ya kampuni ile ile.)

Sifa kubwa ya mchezo huu imo katika fani. Watungaji wake hawakuridhika kuwavika wapiganaji wa kawaida nyuso za katuni. Walijaribu kuitoa namna ya kupigana kwa kila mhusika katika kisa chake. Mfano bora ni Tom na Jerry, paka na panya waliozaliwa mwaka 1940. Hao wawili huongozwa na mchezaji mmoja kama mhusika mmoja, na tangu mwanzo hadi mwisho hawaachi kupigana wao kwa wao. Tom humwandama Jerry kwa nyundo na kwa kila silaha aipatayo, na mpinzani huumia kwa sababu tu amejikuta kati yao. Huu ni usanii wa kweli. Aliyeubuni alifahamu kwamba uadui wa paka na panya hao ndio uhai wao, na kwamba wakipatanishwa ili wampige mtu wa tatu, hawatakuwa Tom na Jerry tena. Velma naye, yule msichana mpelelezi mwenye miwani, hakupewa misuli. Yeye hukusanya ushahidi vipande vipande, na ukikamilika, gari huja kumchukua mpinzani. Wonder Woman ana kamba ya kumvuta mwenzake aliye hatarini. Katika mapambano ya wawili wawili, mchezaji ajaliye sifa zake peke yake hushindwa mapema, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini tumtazame Bugs Bunny, sungura wa Warner Bros., ambaye umbo lake lilitulia katika filamu ya mwaka 1940. Kwa tabia huyu ni ndugu wa sungura wetu wa ngano: mdogo wa mwili, hana pembe wala makucha, naye huwashinda wakubwa. Huwashindaje? Katika ngano moja isimuliwayo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, adui amemkamata sungura mguu akiwa shimoni. Sungura anacheka, anamwambia kuwa alichoshika ni mzizi wa mti. Adui anauachia mguu na kuukamata mzizi. Hapakuwa na pigo hata moja. Palikuwa na sentensi moja tu. Bugs naye, katika filamu ya Chuck Jones ya mwaka 1951 iitwayo Rabbit Fire, anabishana na bata Daffy mbele ya mwindaji kuhusu ni msimu wa kuwinda nani, na katikati ya ubishi anageuza upande kwa ghafla, hata bata mwenyewe, kwa ukaidi wa kupinga tu, anaamuru apigwe risasi.

Katika MultiVersus, Bugs huchimba mashimo, huangusha sefu ya chuma, na hurusha mikate ya krimu. Vyote hivyo vimetoka kweli katika filamu zake. Kitu kimoja hakimo: hawezi kumshawishi mtu. Husema, ndiyo, tena kwa kuchekesha, lakini maneno yake ni mapambo. Hayambadilishi mpinzani nia wala hayamwondoi mahali alipo. Sidhani kwamba hili ni kosa la mtungaji. Ni mpaka wa fani yenyewe, kwa maana fani ya mapigano hupima pigo, umbali na wepesi wa kidole, wala haina kipimo cha hila ya ulimi. Hivyo sungura aliyekuwa mjanja amekuwa mpiganaji mwenye vifaa vya ujanja. Shaggy amepata hasara kubwa zaidi. Katika katuni za Scooby-Doo, zilizoanza mwaka 1969, haiba yake yote ilikuwa woga na njaa. Hapa njaa imebaki, ila woga umegeuzwa nguvu za ajabu, kwa kufuata mzaha uliokuwa umeenea kwenye intaneti.

Sasa tufike kwenye suala la umilikaji, ambalo mwalimu asiliache lipite. Mchezo ulitolewa bure, lakini wahusika wengi walifungwa; ili kuwafungua, mchezaji alipaswa kucheza kwa muda mrefu au kulipa fedha. Mwaka 2022 viliuzwa pia vifurushi vya waanzilishi, na kilichokuwa ghali kuliko vyote kilikaribia dola 100. Tarehe 25 Juni 2023 mchezo ulifungwa ili ufanyiwe marekebisho. Ukarudi tarehe 28 Mei 2024, na tarehe 30 Mei 2025 mitambo iliyowaunganisha wachezaji ikazimwa kabisa. Waliolipa walilipia ruhusa ya kutumia kitu ambacho mwenyewe aliweza kukichukua.

Tulinganishe na bao. Anayetaka kucheza bao huchonga gogo, au huchimba vishimo mchangani na kuokota kete. Hakuna ofisi iwezayo kutangaza kwamba kuanzia Ijumaa bao limefungwa. Sungura wa ngano hali kadhalika: bibi wa Tanga na bibi wa Songea humsimulia kila mmoja kwa namna yake, wala hawaombi kibali. Bugs ni ndugu yake kwa tabia, lakini kwa sheria ni mali, na mahali pa kuchezea panapojengwa juu ya mali ya mtu hufunguliwa na kufungwa kwa hesabu za mwenye mali.

Kampuni haikukifuta kila kitu. Walioingia katika mchezo kati ya tarehe 4 Februari na 30 Mei 2025 waliachiwa uwezo wa kucheza bila intaneti, dhidi ya mashine au na wenzao chumbani. Kwa hao, Tom angali anamfukuza Jerry. Mtoto aliyeusikia mchezo huu mwezi Juni alikuta umekwisha kuondolewa madukani.