Linakotoka Tone

Petroli haivuji pale inapodondokea. Hutoka kwenye mshono wa tangi, ikateremka kimyakimya chini ya paipu, ikazunguka bakuli la kabureta, kisha ikajiachia kwenye bolti ya injini isiyo na kosa lolote. Mwenye pikipiki huona tone kwenye bolti hiyo, akaikaza kwa nguvu zake zote. Kesho yake tone liko palepale, na bolti sasa imekula nyuzi.

Ndiyo maana fundi hodari, awe kwenye kibanda cha Kaptembwo au Free Area mjini Nakuru, au kando ya barabara ya Njoro, haanzi na spana. Hufunga koki, akachukua kitambaa, akaipangusa injini hadi ikauke kabisa, ndipo akaifungua koki tena na kungoja. Asiyejua atadhani amechoka. Kumbe anatafuta. Petroli hukauka upesi juani na ushahidi inaouacha ni mdogo: mng'ao wa muda mfupi, au mstari safi mahali vumbi lilipooshwa. Kuufuata mstari huo kwenda juu mpaka mwanzo wake ndiko ufundi wenyewe. Kipuri kibovu kikishajulikana, hata mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kukibadilisha.

Wateja hawakosi. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, Boxer na TVS zimejaa kila njia inayotoka Nakuru, kuanzia Bahati hadi Rongai na Molo. Wengi wanaoziendesha, pikipiki si zao. Jioni ikifika mwenyewe anataka pesa yake, petroli ivuje isivuje. Pikipiki ikilala saa 10 koki ikiwa wazi, na tone likianguka kila sekunde, sakafu itakuwa imekunywa zaidi ya nusu lita kufikia asubuhi.

Mshukiwa wa kwanza huwa kabureta. Ndani ya bakuli lake mna boya, ambalo mafundi huliita floti, linaloelea juu ya petroli. Bakuli likijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano ndogo izibe tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, boya hushuka na sindano ikaachia. Tangi la choo cha kuvuta maji hufanya vivyo hivyo. Wilhelm Maybach alikuwa amekwisha kuitumia kanuni hiyo kwenye kabureta yake nchini Ujerumani mwaka 1893, na kifaa chenyewe hakijabadilika sana tangu hapo.

Ila Maybach hakulijua vumbi la Bonde la Ufa. Ni vumbi la volkano, jepesi na lenye makali, na huingia kwenye tangi kila kifuniko kinapofunguliwa. Chembe moja ikikwama kati ya sindano na kiti chake, bakuli hufurika na ziada ikatokea paipu ya chini. Fundi hugonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, taratibu, mara mbili tatu. Mara nyingine chembe hung'oka na kuvuja kukakoma papo hapo. Fundi mwaminifu humwambia mteja kwamba hiyo ni dawa ya kumfikisha nyumbani tu.

Tiba ni kufungua. Ncha ya sindano huelekezwa kwenye mwanga: ikiwa na alama ya duara iliyozama, imelika. Boya hutikiswa karibu na sikio. Likiwa limetoboka na kuingiza petroli, litasikika. Kisha huja kipimo kinachopendeza kuliko vyote. Kabureta hupinduliwa juu chini, boya likailalia sindano kwa uzito wake, na fundi huchomeka kipande cha paipu safi kwenye tundu la kuingilia akapuliza kwa mdomo. Pumzi ikipita, petroli nayo itapita. Hapana mashine wala umeme, na jibu ni la hakika.

Si kila harufu ni kuvuja, hata hivyo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo hukaribia mita 2,500. Huko hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Kisumu hutoa petroli nyingi kupita hewa inayopata. Plagi huwa nyeusi na ekzosi hunuka. Fundi asiyelijua hilo atafungua kila kitu bure.

Tangi lina habari yake. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na kuleta kutu pale karibu na koki. Ufa mdogo huzibwa kwa muda kwa sabuni ya kipande iliyosuguliwa ikaingia ndani, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kuchomelea ni jambo jingine. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinachowaka ni mvuke, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya Molo. Mchomeleaji mwenye akili huliosha tangi kwanza, kisha hulijaza maji hadi karibu na tundu. Eneo hili halihitaji kufundishwa petroli ni nini: tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na moto uliofuata ukaua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekuja kuchota.

Basi mtu anayepaka silikoni kwenye kabureta hastahili kuitwa fundi. Petroli huilainisha silikoni ikamomonyoka, na vipande vyake huziba jeti, yaani tundu dogo la kupitishia petroli. Na anayeziba paipu ya kumwagia ziada ili "isivuje tena" amefanya vibaya zaidi: petroli hugeuza njia, ikaingia kwenye silinda, ikapenya ringi na kuchanganyika na oili. Fundi makini huchomoa kijiti cha oili na kukinusa kabla hajairudisha pikipiki. Kikinuka petroli, oili yote humwagwa, mteja apende asipende.

Sasa zinakuja pikipiki za injekta, ambazo pampu yake husukuma petroli kwa nguvu nyingi. Hizo hazidondoshi, hurusha. Paipu ya kawaida ya kabureta ikifungwa hapo itapasuka au kuchomoka, ekzosi yenye moto ikiwa karibu. Paipu inayofaa na klipu zake zina bei yake, na fundi huitaja kabla hajagusa chochote, kwa sababu hapo ndipo mabishano huanza.