Mke wa Nuhu na Mitungi ya Maji: Tamthilia ya Gharika katika Mitaa ya Eastlands

Tamthilia ya Gharika ya Nuhu ni mojawapo ya michezo ya kidini iliyoigizwa mjini Chester, Uingereza, hadi mwaka 1575. Kila mchezo wa msururu huo ulikabidhiwa chama cha watu wa kazi fulani, ukatembezwa mitaani juu ya gari la kukokotwa. Gharika walipewa wachota maji wa mto Dee. Hivyo, walioigiza maji yaliyoangamiza dunia ni wale wale walioyauza. Laiti jambo hili lingekuwa kichekesho cha historia tu, lingeweza kupitwa. Lakini katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako mwuza maji husukuma mkokoteni uliosheheni mitungi ya plastiki ya lita 20, ndilo linalopaswa kumwongoza mtayarishaji.

Vikaragosi si vigeni Nairobi. Katika miaka ya 1990 vilitumiwa kuelimisha umma juu ya UKIMWI, na kuanzia 2009 The XYZ Show ikavitumia kuwakejeli wanasiasa runingani. Sanaa ya namna hii ya pili hutegemea mfanano: hadhira hucheka kwa kuitambua sura. Mtungi haufanani na mtu yeyote. Nguvu yake ni kwamba kila mtazamaji ameubeba, na mkono wake unaujua uzito wake. Anayeokota makopo kwa kuwa hayana gharama hupata taka jukwaani, basi. Benjamin Britten alilielewa hili alipoitungia tamthilia hii muziki mwaka 1958: matone ya kwanza ya mvua ni vikombe vilivyotundikwa kambani, vikigongwa kwa mwiko.

Katika kitabu cha Mwanzo mke wa Nuhu hasemi neno. Chester inampa ugomvi. Anakataa kuingia safinani bila marafiki zake, ambao hataki wazame. Wanawe wanamwingiza kwa nguvu, naye anamzaba Nuhu kofi. Ni desturi kulicheza onyesho hili kama mzaha juu ya mke mkaidi. Je, mzaha huo utachekwa na nani Mathare? Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizoa nyumba huko, na katika msimu ule watu zaidi ya 200 walikufa nchini. Mwezi Mei yakafuata matingatinga, yakabomoa makazi ya kandokando ya mito. Mbele ya hadhira hiyo, mke wa Nuhu ndiye pekee anayeuliza juu ya watakaobaki nje.

Marafiki hao, basi, wawe mitungi mitupu. Mtungi mtupu huelea na hulia ukigongwa. Ujazwe mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine, wakati marafiki wanapoimba wimbo wao, mpaka mlio ufifie na aliyeuinua kwa kidole ahitaji mikono miwili. Kisha Nuhu afunge dirisha. Tangu hapo matini haiwataji tena wanawake hao, na mwongozaji atashawishika kuiondoa mitungi ili kupisha upinde wa mvua. Asiiondoe. Mungu atoe ahadi yake mitungi ikiwa imejaa, imesimama pale pale. Mchezo ukiisha, maji hayo hayatamwagwa, yatabebwa nyumbani.