Meli kama shujaa: Nzwani na Hengdang katika kitabu cha W. D. Bernard

Kitabu cha W. D. Bernard juu ya safari za Nemesis, kilichotolewa London mwaka 1844 kutokana na kumbukumbu za nahodha W. H. Hall, kina shujaa asiye binadamu. Nemesis ilikuwa meli ya moshi, mali ya Kampuni ya India Mashariki, iliyoundwa kwa chuma. Fahari yake ilikuwa kuelea katika maji ya futi sita tu, na fahari hiyo ndiyo inayoamua yapi yaonekane kitabuni na yapi yafichike.

Ikielekea China mwaka 1840, meli ilitia nanga Nzwani, Komoro. Sultani Alawi alikuwa akigombea kiti na jamaa wa ukoo wake, huku Mwali ikiwa mikononi mwa Ramanetaka, mkuu aliyekimbia Bukini. Bernard, pamoja na majivuno yake (nayo si haba), anatulia hapa. Sultani ana jina na ana ombi la msaada. Msomaji anaelewa kwamba vita vya ndugu vina shauri, hofu na hesabu za watu.

Utulivu huo unatoweka meli inapofika mlango wa Mto Zhujiang, penye visiwa viwili ambavyo leo vimo katika wilaya ya Nansha, Guangzhou. Hengdang ya Juu ilikuwa imejengewa ngome. Hengdang ya Chini iliachwa bila ulinzi. Usiku wa tarehe 25 Februari 1841 Waingereza walipandisha mizinga katika kisiwa hicho kitupu. Kesho yake manowari zikashambulia, kisha askari wakashushwa pwani, wakiwamo Wahindi wa jeshi la Madras. Mizinga ya Wachina haikuweza kugeuzwa kufuata shabaha. Watu zaidi ya 1,000 walitekwa, na upande wa washambuliaji hakufa mtu.

Kama maelezo ya kijeshi, sura hii ni imara. Kama fasihi, ina dosari ambayo wepesi wa masimulizi hauwezi kuifunika: mateka hao wanabaki hesabu. Anayepewa sura ya mtu ni jemadari Guan Tianpei, aliyeuawa siku hiyohiyo katika ngome ya ng'ambo ya mashariki, ambaye mwili wake ulipochukuliwa na jamaa zake manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga ya heshima. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini inamwondolea msimulizi deni la kuwatazama wengine. Hata askari wa Madras, waliovushwa bahari kupigana vita visivyo vyao, hawana kauli.

Itasemwa kwamba Bernard aliandika kama watu wa zama zake, na kwamba adui hasimuliwi kama rafiki. Utetezi huo haujitoshelezi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, aliandika juu ya mizinga akiwa upande uliopigwa, na bado mgeni hakukosa sura. Sababu iko karibu zaidi na bandari. Kwa muda mrefu meli za Kampuni zilipitia Nzwani kuchukua maji na vyakula, na wenyeji wake walijulikana kwa kuongea Kiingereza na mabaharia. Alawi alisikika kwa sababu kisiwa chake kilikuwa kimekwisha kujifunza lugha ya mnunuzi.